Umbali Kugawanya kwa Mwendo Si Muda wa Safari!

Waungwana, leo nina ugomvi na waandaaji programu wenzangu.

Fungua tovuti yoyote ya kupima umbali, andika Nairobi na New York. Itachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege, itazipitisha kwenye fomula ya haversine, itakupa kilomita 11,800 hivi. Mpaka hapo sina neno, hesabu ni sahihi. Kisha inagawanya kwa 900 na kukuandikia kwa herufi nene: "Muda wa safari: masaa 13". Huo ni uongo, na sisi ndio tulioutunga.

Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018, ilitangaza masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Umbali ule ule, muda tofauti! Huko juu upepo huvuma kutoka magharibi. Ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Haversine haijui upepo.

Wengine wanaleta ujanja: wanatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Ukiondoka Nairobi saa 5 usiku na kufika New York saa 12 asubuhi, programu inasema masaa 7. Imesahau kwamba New York iko nyuma yetu kwa masaa 8, na wakati wao wa kiangazi 7, maana wenzetu husogeza saa na sisi hatusogezi. Badilisha zote ziwe UTC, ndipo utoe. Hili ni somo la mwaka wa kwanza chuoni, jamani.

Mtaniambia masaa mawili si kitu. Si kitu kwa mkazi wa Embakasi! Mimi ni mtu wa Mackinnon Road, mji uliorithi jina la barabara ya mikokoteni ya ng'ombe ya miaka ya 1890. Kutoka hapa hadi JKIA kwa basi ni masaa 6 au zaidi, na wenye kuamua ni malori. Treni ya SGR, iliyoanza 2017, inatupita tu. Vituo viko Mariakani na Miasenyi.

Mwaka jana binamu yangu alikuwa akienda Doha kikazi. Programu ya wakala wake ilipiga mstari ulionyooka wa kilomita 357, ikagawanya kwa 80, ikamwambia masaa manne na nusu yanatosha. Akakuta kaunta imefungwa. Pesa ya tiketi haikurudi, na deni bado analilipa.

Ndugu zetu wa Diani wanalijua hili zamani. Kwa mstari, uwanja wa Moi hauko mbali nao hata kilomita 40. Lakini kabla ya barabara ya Dongo Kundu, aliyeamua kama utaiwahi ndege ni foleni ya feri ya Likoni. Mstari hauoni maji.

Basi, wenzangu, kama umepima umbali wa anga, andika "umbali wa anga" na uishie hapo. Ukitaka kuandika "muda wa safari", weka ratiba halisi, barabara halisi na masaa 3 ya kuwahi kaunta. Kama data huna, acha nafasi wazi. Nafasi iliyo wazi haijamkosesha mtu ndege.