MAMA AKIPANDA MLIMA BILA MZIGO (Sehemu ya 3)

Mama mwenzangu, leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Tangu niseme nilikwenda Kinole peke yangu na baiskeli, nikalala kwenye hema usiku mbili, nimeitwa majina. Sina kazi. Naiga wazungu. Nimekimbia watoto. Sawa. Hebu tuzichukue hoja moja moja.

HOJA YA KWANZA: NI HATARI.

"Mwanamke peke yake milimani, je akidhurika?" Swali zuri. Ila siku ukifika Kinole, amka mapema uangalie barabara. Utawaona kina mama wanateremka miteremko ya Uluguru, mkungu wa ndizi kichwani, mwingine na mtoto mgongoni, njia imelowa inateleza. Wengine wako peke yao kabisa. Hakuna anayewauliza usalama wao. Hakuna anayewaambia warudi nyumbani.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mama akipanda mlima na mzigo, ni mchapakazi. Akipanda bila mzigo, ghafla ni hatari. Kinachowakera si mlima. Kinachowakera ni mama kupumzika.

HOJA YA PILI: NI MAMBO YA WAZUNGU.

Jamani! Mlima upo Morogoro, mzungu kaingiaje hapo? Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na maji yake ndiyo yanayofika Dar es Salaam. Wewe uliyeko Kimara unafulia nguo za mtoto kwa maji ya mlima huu. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, chini ya TFS, na kuna ndege humo hapatikani popote pengine duniani. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964. Wageni wanavuka bahari kuja kuviona. Sisi tunaviona dirishani mwa basi la kwenda Iringa.

Na kama mila ndiyo hoja, basi Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto anahesabiwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo imepita humo humo. Huwezi kuja Uluguru ukaniambia mlima si mahali pa mama.

HOJA YA TATU: UMEKIMBIA WATOTO.

Hapa ndipo naongea kama nesi. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Watu wanaziita "mapumziko". Mapumziko gani? Unanyonyesha usiku kucha, kidonda kinauma, wageni wanataka chai. Ile ni kazi nyingine. Likizo ya mwaka, siku 28, nayo inaishia kwenye kufua mapazia na kwenda misibani.

Halafu tunawapokea wodini. Presha juu, kichwa kinauma, analia bila sababu anayoijua. Ukimuuliza umelala vizuri mara ya mwisho lini, anacheka. Sisemi hema linatibu presha wala sonona. Vyote viwili vinatibika hospitali, nenda. Nasema mwili usiopumzika hauponi vizuri. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na mama aliyejifungua hajaachwa nje, akianza polepole. Kudeki nyumba peke yako huku umekasirika hakukupi utulivu wa akili.

Na watoto? Wako na baba yao. Baba akitoka Moro kwenda Kwa Mkapa kuangalia Simba na Yanga, akarudi kesho yake, nani humuuliza watoto kawaachia nani? Baba halei "kumsaidia" mama. Ni wanawe.

Najua wengine mtasema, "Nesi, wewe una mshahara. Mimi nauza vitumbua, nisipotoka sili." Ni kweli, na sikulaumu. Kwako si lazima iwe Kinole. Iwe nusu siku, chini ya mwembe kwa dada yako, simu imezimwa. Ninachopigania ni muda wako, usiouombea msamaha.

SASA, MASHARTI YA NESI. Usiende kichwa kichwa.

Hujamaliza wiki 6 tangu ujifungue, au ulipasuliwa na hujakaguliwa: baiskeli bado. Mtoto hajafika miezi 6 na ananyonya tu: subiri, au nendeni wote matembezi ya siku moja. Una mimba au presha: muone mtoa huduma kwanza.

Nenda Juni hadi Septemba. Masika tope la upande ule halina huruma, utaisukuma baiskeli kuliko kuipanda. Vaa kofia ngumu. Ukifika, jitambulishe ofisi ya kijiji, na uombe kupiga hema karibu na kaya za watu. Msituni pata kibali cha TFS na mwenyeji wa kukuongoza. Mikumi usiingie na baiskeli, simba hajui kama uko likizo. Beba chandarua, chemsha maji ya kunywa. Ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Tulia, usitembeze kiungo kilichoumwa, uwahishwe kituo cha afya. Na mtu mmoja nyumbani ajue uko wapi kila jioni.

Hiyo ndiyo tahadhari. Anayekujali kweli atakuuliza kuhusu chandarua na kibali. Anayekuuliza "nani atapika?" hakuogopei wewe, anaogopea chakula chake.

Mtumie mama mkwe. Mtumie na baba watoto. Sehemu ya 4 ni ya kina baba: siku mbili peke yako na mtoto wa mwaka mmoja, saa kwa saa.

Nesi wenu.