Lugha moja, dini moja, njia mbili
Juma hili, katika duka la vitambaa mtaani Eastleigh, Nairobi, kijana wa Mogadishu na mzee wa Hargeisa walipatana bei kwa Kisomali, na adhana ilipolia wakaongozana msikitini. Lakini mzee ukimuuliza kwao, hasemi Somalia, husema Somaliland. Nami nililelewa nikiamini kwamba lugha na dini zinatosha kuunda taifa. Bendera ya Somalia yenyewe ina nyota ya pembe tano, pembe moja kwa kila eneo la Wasomali, likiwemo la kaskazini mashariki mwa Kenya. Somaliland ya Mwingereza ilipata uhuru Juni 26, 1960, na siku tano baadaye ikaungana kwa hiari na Somalia ya Mwitaliano. Udugu hauvunjwi na mpaka, huvunjwa na mkono wa ndugu: mwaka 1988 ndege za Rais Siad Barre wa Somalia ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa na kuupiga mji uleule. Leo ndege ya kivita imesimamishwa katikati ya mji huo kama mnara. Anayewalaumu Wasomaliland kwa kujitenga Mei 1991 anawalaumu watu waliokwisha kufukuzwa kwa mabomu. Mogadishu ikitaka umoja, ianze na makaburi ya Hargeisa, katiba ije baadaye.