Orodha isiyomjua mgonjwa

MIMI ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Niliingia kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwaka 2008 na kurudi nyumbani mwaka 2018. Siku hizi napita Kasumulu na vitenge kwenda Lilongwe, na kila nikifika njia panda ya Dowa nakumbuka orodha.

Mwaka 2015 mama yangu alianza kuugua jicho. Waliokaa Dzaleka wanajua kwamba hutoki kambini bila kibali, hata kama Lilongwe ni mwendo wa saa moja tu kwa gari. Tulipeleka ombi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akaliingiza kwenye kompyuta, akatuambia tusubiri kupigiwa simu.

Tulisubiri miezi mitatu. Nilipokwenda kuuliza, yule kijana, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, aligeuza kompyuta ili nione mwenyewe. Mbele ya jina la mama paliandikwa kwamba ombi limefungwa. Simu ilipigwa mara moja, haikupatikana, kwa kuwa laini yetu ilikuwa imeshakufa. Nikauliza mbona hakutumwa mtu kutuita. Akanijibu kupitia mkalimani: "Baba, mimi naletewa orodha asubuhi, naanza na la juu." Mama alipomfikia daktari, jicho moja lilikuwa limekwisha.

Ndugu msomaji, sisemi kompyuta ni mbaya. Mwishoni mwa mwaka 2013 Dzaleka hiyo hiyo ilikuwa mahali pa majaribio ya mfumo wa UNHCR wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Mashine ikaweza kujua jicho hili ni la nani, lakini orodha ya maombi haikuweza kusema kwamba jicho hilo linakufa.

Tatizo liko wapi? Orodha nyingi za kazi hupangwa kwa tarehe peke yake. Aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza. Inaonekana ni haki, na kwenye foleni ya maji ni haki kweli. Lakini ombi la kubadilisha jina lililoandikwa vibaya na ombi la mgonjwa haviwezi kupewa uzito mmoja kwa sababu tu vililetwa wiki moja.

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani wanalielewa hili kuliko wengi. Forodha ya Malawi hutumia ASYCUDA, programu iliyobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD. Programu hiyo huyagawa makaratasi ya mizigo kwa rangi. Kijani, unapita. Njano, nyaraka zinakaguliwa. Nyekundu, mzigo wenyewe unafunguliwa. Hakuna anayesubiri afisa aanze na la juu mpaka la chini. Je, kama marobota ya vitenge yanaweza kupewa rangi, mgonjwa anashindwaje?

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ipangwe kwa uzito, kisha ndiyo tarehe. Wagonjwa na watoto wasio na wazazi wakae juu. Pili, kila ombi liwe na namba anayopewa mwenye ombi kwenye karatasi, liwe na jina la afisa anayelishika, na siku ya mwisho ya kulishughulikia. Siku hiyo ikipita, ombi lipande lenyewe kwa mkubwa wake. Tatu, ombi lisifungwe kwa sababu ya simu kutopatikana mpaka kiongozi wa mtaa, awe wa Kawale au wa Likuni pale kambini, ameulizwa.

Wapo watakaosema fedha hakuna na watu ni wengi. Kwamba watu ni wengi ni kweli. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000 hivi, na leo wamepita 50,000. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, wakiwamo waliokuwa na maduka Lilongwe. Lakini wingi huo ndio sababu ya kupanga vizuri. Kuongeza safu moja ya uzito na moja ya siku ya mwisho hakuhitaji kununua kompyuta mpya. Programu nyingi za namna hii zinaruhusu, ila lazima mtu aamue.

Wengine wataogopa rushwa, kwamba mwenye chochote atapandishwa juu. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kila anayepandisha au kushusha ombi aache jina lake na sababu yake humo humo kwenye orodha, na mkubwa wake azisome.

Kwenu mnaorudi makwao na mnaovuka mipaka: msiondoke dirishani bila namba ya ombi. Iandikeni mahali pawili. Mkibadilisha laini ya simu, rudini mkaseme siku hiyo hiyo. Sisi hatukufanya hivyo, na sehemu hiyo ya kosa ni yangu.

Mama yuko Buyenzi. Bado anauza maandazi, ila chenji anahesabiwa na mjukuu.