Kupima vali za moyo: mashine ipi, na kwa nani?

Mwaka 2021 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda. Watoto na vijana zaidi ya laki moja, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, walipimwa moyo kwa ultrasaundi. Watoto 818 kati ya waliokutwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa vali utokanao na homa ya baridi yabisi waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umezidi kwa watoto 33 wasiopewa kinga, na kwa 3 tu waliokuwa wakichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu kila linapozuka suala la kupima vali, swali huwa ni mashine ipi bora. Ipo njia ya kupitisha kifaa juu ya kifua, isiyo na maumivu na inayopima vizuri kasi ya damu inayopita kwenye vali. Ipo pia ya kumezeshwa mpira wenye kifaa nchani hadi kwenye umio, ulio nyuma kabisa ya moyo. Hapo mbavu na mapafu hayazibi, kwa hiyo daktari huona hata damu iliyoganda au uvimbe mdogo wa maambukizi juu ya vali. Lakini mgonjwa hukaa na njaa, hupewa dawa ya usingizi, na lazima awepo bingwa. Aliyewahi kumeza mpira ule hahitaji kusimuliwa!

Kabla ya upasuaji, picha ya umio mara nyingi haina mpinzani. Kwa mtoto wa shule asiyejijua kuwa mgonjwa, haina kazi. Huyo anahitaji ile ya kifuani, hata ya mkononi inayoingia mfukoni, ambayo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuitumia. Sikio peke yake halitoshi: mwaka 2007 ilitangazwa kuwa huko Msumbiji uchunguzi wa kawaida wa daktari ulibaini watoto wapatao 2 katika kila 1,000, ilhali ultrasaundi ilibaini 30.

Ni kweli kifaa kidogo hukosea, na mtoto mzima anaweza kuitwa mgonjwa. Ndiyo maana anayeshukiwa hupelekwa kwenye mashine kubwa kuthibitishwa. Linalotutia wasiwasi zaidi ni zahanati isiyo na penisilini. Mama aambiwe nini hapo?

Mwezi Mei 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu. Sisi tulio ughaibuni huchangishana nauli na gharama za jamaa anayepelekwa India kubadilishwa vali. Hatujawahi kuombwa mchango wa sindano.