KONA YA WALIMU: Kompyuta ya zamani, muangalie mbele ya kulipa

Wengi munatuuliza kama kompyuta ya mezani iliyotumika, ile munaikuta Kasese ao Bwera, itakula bure pesa ya maharagwe. Haitaikula, mukiangalia haya.

Kwanza, nyuma, karibu na pa kuchomeka waya, mara nyingi kuna swichi ndogo nyekundu. Ikionyesha 115, imepangwa kwa umeme kama wa Marekani. Umeme wa Uganda ni volti 240. Ukiwasha hivyo, mashine inaungua palepale. Isukume kwanza kwenye 230.

Pili, kama saa inarudi kila siku kwenye mwaka wa zamani, mashine haijafa. Kabetri ka duara, CR2032 ka volti 3, ndiko kameisha. Badilisha hako tu.

Tatu, ikienda polepole, muongeze memori, yaani RAM. Mubebe ile ya zamani mukanunue ya kufanana: DDR2 haiingii pa DDR3, hata kama zote zina pini 240.

Nne, Microsoft iliacha kulinda Windows XP mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020. Muombe fundi aweke Linux nyepesi, ni ya bure.

Vumbi mulitoe mashine ikiwa imechomolewa. Lakini sanduku la umeme na skrini ya mgongo mkubwa musifungue kabisa: umeme unabakia ndani, unaweza kuua mtoto.

Mwezi ujao, Mungu akipenda.