Bei ya Kisu Si Makali Yake

Imeenea imani kwamba mpenzi wa visu haridhiki mpaka apate kisu cha bei kubwa. Kisu cha shilingi elfu chache, kwa imani hiyo, ni cha kumenyea vitunguu, na raha yenyewe ya kumiliki kisu huanzia penye mamia ya dola. Maneno haya hurudiwa hata na watu ambao nyama choma wanayoila mnadani Msalato, Dodoma, imekatwa kwa kisu kilichofuliwa kutokana na springi ya gari. Imani hiyo ni potofu, na ubaya wake hauishii kwenye fedha zinazopotea. Inamzoesha mtu kuidharau kazi ya mhunzi aliye jirani yake.

Kisu ni makali kwanza. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama walitaja ukali, bei hawakuitaja. Makali hutokana na mambo matatu: umbo la bapa, aina ya chuma cha pua, na namna chuma hicho kilivyopashwa moto na kupozwa. Lenye nguvu kuliko yote ni umbo, nalo ndilo lisilodai gharama. Bapa jembamba lililonolewa kwa pembe ya nyuzi 15 kila upande huingia kwenye nyama bila kulazimishwa. Bapa nene la nyuzi 25 hupasua mahali pa kukata, hata likiwa la chuma cha thamani kiasi gani. Visu vingi vya kifahari vya kukunja hutengenezwa kwa bapa nene ili vionekane imara mkononi, na mwenye nacho huja kutambua kwamba kwenye nyanya mbivu kinashindwa na kisu chembamba cha jikoni.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Hapo ndipo wauzaji wa visu ghali hujitapa zaidi, na ndipo mhunzi wa Dodoma anapostahili kutetewa kwa nguvu zote. Springi za majani za lori na za gari aina ya pikapu hutengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni ya takribani asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo. Wataalamu hukiita 5160, au kwa majina mengine yanayokaribiana nacho. Chuma hicho hicho ndicho kinachopendwa na wahunzi wa visu wa Marekani. Chama chao, American Bladesmith Society, kilianzishwa mwaka 1976, na mtihani wake wa vitendo unajulikana kwa ugumu. Kisu kimoja kinatakiwa kikate kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia, kikate mbao mpaka ziachane, baada ya hapo kiwe bado kinaweza kunyoa nywele za mkono, kisha kibanwe kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90 bila kukatika. Wahunzi wengi wameufaulu mtihani huo kwa bapa la 5160. Vipande vya chuma cha namna hiyo vimelundikana kwenye gereji za Dodoma kama chakavu.

Kinachobaki ni moto. Mhunzi hupasha bapa mpaka liwe jekundu na sumaku isilishike tena, hulitumbukiza kwenye mafuta, kisha hulipasha upya kwa moto mdogo ili lisibaki gumu la kukatika kama kioo. Akiruka hatua hiyo ya mwisho kisu kitavunjika ncha, na akizidisha moto makali yatalala. Maarifa hayo yako mikononi na machoni mwa mhunzi. Uhunzi wa chuma katika nchi hii una umri wa karne nyingi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya tanuri za Wahaya wa Kagera, zilizotoa chuma cha pua zamani sana kabla ya wageni kuleta chochote chenye nembo. Kumwambia mtu wa nchi hiyo kwamba kisu cha kweli lazima kitoke ng'ambo ni kumfuta kwenye historia yake.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya chuma cha kaboni ni kutu. Ni hoja yenye uzito Tanga, Zanzibar na kote kwenye hewa ya chumvi. Katika uwanda wa kati haina uzito. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka ni karibu milimita 570, na kiangazi hushika zaidi ya nusu ya mwaka. Kisu cha kaboni kikipanguswa kwa kitambaa kikavu baada ya kazi na kupakwa tone la mafuta hakipati kutu ya kukila. Kinachotokea ni bapa kugeuka rangi polepole kwa nyama, ndimu na zabibu, mpaka linakuwa la kijivu chenye bluu. Wapenzi wa visu duniani kote huipenda rangi hiyo, na baadhi yao huilazimisha kwa siki. Chuma ghali kisichoshika kutu hakiipati.

Historia ya visu vya kukunja nayo inaipinga imani hii. Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya biashara ya makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya Wajerumani kuanzisha mji wa Dodoma kwenye njia ya reli ya kati. Kilikusudiwa kuwa kisu rahisi cha mtu wa kawaida: bapa la kaboni, mpini wa mbao wenye mapambo ya nyota na mwezi, na kufuli la meno linalolia kila kinapofunguliwa. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, na leo watu wenye makabati ya visu ghali hukitafuta kwa sababu ya ule mlio na ile sura. Kina kasoro: bapa huchezacheza upande kwa upande, na kufuli lake si la kutegemewa kwa kazi nzito. Opinel cha Ufaransa hakina kasoro hizo. Kilibuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, kikaongezewa pete ya kufungia mwaka 1955, na kwa bapa lake jembamba hukata kuliko visu vingi vinavyokizidi bei mara 20.

Kisu ghali kina sifa zake, na haki inadai zitajwe. Sebenza, kisu cha Chris Reeve, mtengenezaji aliyetoka Afrika Kusini kwenda Marekani, huuzwa kwa zaidi ya dola 400. Mpini wake wa titani na bapa lake hukutana bila mwanya, na hufunguka kwa ulaini ambao kisu cha dola 15 hakiufikii. Vyuma vya aina ya S30V, kilichotoka mwaka 2001, hutunza makali kwa muda mrefu. Ila vyuma hivyo vina vanadi nyingi, na chembe zake ni ngumu kuliko kinoo cha kawaida, hivyo kuvinoa vizuri kunahitaji vinoo vya almasi. Hapo mwenye kisu ghali hupokonywa raha kubwa kuliko zote, ile ya kukaa kibarazani jioni na kinoo na maji kidogo, kulifanyia kazi bapa mpaka lipite kwenye karatasi bila kukwama. Anayeshughulika na springi au Opinel huipata raha hiyo kila wiki. Tena hutumia kisu chake bila hofu: huchunia mbuzi, huchongea mpini wa jembe, humpa jirani akirudishe kesho. Cha dola 400 hubaki kwenye kasha.

Mahali ambapo bei ya kisu imepanda kupita zote panaonyesha vizuri kwamba fedha haifuati makali. Jambia la Yemeni hupimwa kwa mpini, na mpini uliotukuzwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya faru. Bapa halikuhesabiwa sana. Faru weusi wa Afrika walikuwa takribani 65,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walibaki chini ya 2,500, na hifadhi nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa zimemaliza faru wake. Dawa za Asia ya Mashariki zilichangia maangamizi hayo, lakini mipini ya majambia ilikuwa soko kubwa katika miaka ya 1970 na 1980. Yemeni Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe mwaka 1982 na biashara haikukoma. Wanyama waliuawa ili visu viwe ghali, na hakuna hata kimoja kilichokata vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Visu vibovu vya bei ndogo vipo, na vimejaa minadani: bapa la chuma laini lililong'arishwa, lenye jina kubwa la kughushi. Kosa la imani inayopingwa hapa ni kuvichanganya hivyo na visu vyema vya bei nafuu. Kuvitenganisha ni rahisi. Tupa ipitishwe taratibu kwenye ukingo wa bapa: ikichimba kwa urahisi, chuma ni laini; ikiteleza, kimepikwa vyema. Kisu cha kukunja kifunguliwe na mgongo wake ugongwe kidogo kwenye mbao, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Kufuli likiachia, kirudishwe kwa mwenyewe. Bapa litazamwe kutoka nchani ili ionekane kama limenyooka.

Mwenye shilingi laki moja ya kununulia kisu Dodoma amwendee mhunzi, achague springi, alipie bapa jembamba na ala ya ngozi, na fedha itakayobaki anunue kinoo kizuri chenye pande mbili. Katika kukata, hakuna kitu ambacho kisu cha dola 400 kingempa akakikosa.