Kazi za klaudi: kwa vijana wa Goma, kizuizi si masomo
Kampuni nyingi hazinunui tena mashine zao. Zinakodi nafasi kwenye mitambo ya mbali kupitia intaneti. Ndiyo klaudi, na fundi wake anaweza kufanya kazi akiwa nyumbani.

Kwa kijana wa Goma, masomo ya mwanzo yako bure mtandaoni. Ugumu unaanzia kwenye cheti. Mtihani wa kwanza wa Amazon, unaofanyika hata kwa Kifaransa, ni dola 100, na kwa kawaida hulipwa kwa karti ya benki. Lakini benki za biashara za Goma zilifunga milango Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa M23.

Hivyo kijana anaweza kujua kazi, akakosa njia ya kuithibitisha, na hata ya kupokea mshahara.